Kumpatia makao mapya mbwa chotara aliyekomaa na mwenye mapenzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikiwa mtu anayemtunza kwa muda mbwa aliyeokolewa huku akimtafutia familia ya kudumu. Familia inayofikiria kumchukua nayo itapata yake humu. Mbwa mwenyewe ni yule asiye na ukoo unaojulikana, umri wake ni wa kukadiria, na ukikaa tu anakuwekea kichwa mapajani.

Nianze na tangazo au na daktari?

Anza kwa kuhakikisha hana mwenyewe. Mbwa aliyezoea watu namna hiyo huenda alilelewa ndani ya nyumba, na huenda huko bado anatafutwa. Mpeleke akapimwe chipu, yaani kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Kifaa cha kusomea kipitishwe polepole katikati ya mabega, kisha shingoni, mbavuni na mpaka kwenye miguu ya mbele, maana chipu huweza kuhama chini ya ngozi. Chipu za kiwango cha kimataifa zina namba ya tarakimu 15. Namba yenyewe haitaji jina la mtu: jina na simu viko kwa waliosajili chipu, kwa hiyo hao ndio wa kuulizwa. Tangaza pia kwamba amepatikana, ila bakiza alama moja usiyoitaja, kama kovu au ukucha mweupe, ili anayedai ni wake aitaje mwenyewe.

Baada ya hapo, daktari wa mifugo. Mbwa asiye na kadi ya chanjo huhesabiwa kuwa hajachanjwa. Chanjo ya pamoja ya magonjwa ya virusi ya distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa kwa kawaida hutolewa mara mbili kwa mbwa aliyekomaa, zikiachana wiki 2 hadi 4. Ya kichaa cha mbwa hutolewa mara moja, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka 3 kulingana na aina ya chanjo na sheria ya mahali ulipo.

Dawa ya minyoo nayo hurudiwa baada ya wiki mbili hivi, kwa kuwa dozi ya kwanza huua minyoo iliyomo kwenye utumbo na kuwaacha viluwiluwi walio bado safarini mwilini. Tegu anahitaji dawa yenye prazikwanteli. Tena, tegu wa kawaida wa mbwa huletwa na viroboto: mbwa huwameza anapojitafuna akijikuna. Kutibu tegu bila kuondoa viroboto ni kuteka maji kwa pakacha.

Omba pia damu ipimwe minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu, na magonjwa ya kupe. Vipimo hivi vitangulie tangazo. Matibabu ya minyoo ya moyo huchukua miezi, na muda wote huo mbwa hatakiwi kukimbia wala kuruka. Familia inayotaka mwenzi wa kukimbia naye asubuhi ilijue hilo kabla haijampenda.

Lazima ahasiwe kabla ya kuondoka?

Ni bora, na iwe mikononi mwako, maana ahadi ya "tutamhasi baadaye" husahaulika kirahisi. Dume huweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa kutokana na mbegu zilizobaki kwenye mirija, hivyo atengwe na majike wenye joto kwa mwezi mmoja na zaidi. Jike aliyefungwa kizazi anahitaji siku 10 hadi 14 za kupona, akiwa na kola ya plastiki ili asilambe mshono. Kama ametoka kwenye joto karibuni, madaktari wengi hupendelea kungoja miezi 2 au 3: mishipa ya kizazi huwa imejaa damu wakati wa joto, na akipasuliwa wiki chache baadaye anaweza kupata dalili za mimba ya uongo.

Umri wake nitaujuaje?

Hutaujua barabara. Meno yote ya kudumu huwa yameshatoka kufikia miezi 6 au 7, na baada ya hapo ni kukisia. Ukoga wa njano hutegemea sana alichokuwa akila, na meno yaliyosagika huweza kuwa ya mbwa kijana aliyetafuna mawe au vyuma. Ukungu wa samawati ndani ya mboni huanza kuonekana karibu miaka 6 hadi 8. Huo ni uzee wa lenzi, si mtoto wa jicho, na haumzuii kuona vizuri. Andika masafa, kwa mfano "kati ya miaka 3 na 5".

Watu wanauliza ni mbegu gani. Niseme nini?

Sema ni chotara, ukaishie hapo. Kukisia mbegu kwa macho hukosewa hata na wanaoshinda na mbwa kila siku, na ukishaandika jina la mbegu fulani unavutia watu wanaotaka tabia za mbegu hiyo, ambazo huenda hana hata moja. Yapo majina mengine yanayomfungia mbwa milango, kwa mwenye nyumba au kwenye bima. Toa badala yake vitu vinavyopimika: kilo, kimo begani kwa sentimita, urefu wa manyoya, ananyonyoka kiasi gani, anatembea kwa muda gani kabla ya kutaka kulala.

Tangazo liandikweje?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini mbwa wa rangi ya udongo mwenye umri wa miaka 5 hajiuzi. Anauzwa na maelezo. Kosa kubwa ni kujaza sifa zisizomtofautisha na mbwa mwingine yeyote: "mzuri sana, mpole, ana upendo, anahitaji nafasi ya pili". Msomaji hapo hajui kama mbwa huyu anaweza kuishi kwake. Linganisha na hili:

"Jike, kati ya miaka 4 na 6, kilo 19, sentimita 50 begani. Amefungwa kizazi, ana chanjo zote na chipu. Anakaa peke yake saa 3 bila kelele. Ya nne huanza kutafuna viatu. Anajua kuomba kutoka nje kujisaidia. Huvuta kamba dakika 10 za kwanza, kisha hutulia. Hufukuza paka. Mgeni akiingia hubweka mara tatu, halafu humletea mwanasesere wake. Anafaa nyumba ambayo mtu yupo angalau nusu ya siku."

Aya hiyo itawafukuza watu kadhaa, na ndiyo kazi yake. Mwenye paka amejitoa mwenyewe, na umeokoa safari mbili: ya kumpeleka na ya kumrudisha.

Picha nne zinatosha, ila zipigwe kwa makini. Piga mchana, nje au karibu na dirisha, wewe ukiwa umechuchumaa usawa wa macho yake. Moja ya uso, moja ya mwili mzima kwa ubavu, moja akiwa na mtu ili ukubwa wake ueleweke, moja amelala. Usimpige akiwa nyuma ya waya, na mvue mnyororo mzito: vitu hivyo humpa sura ya ukali asiyokuwa nayo. Mbwa mweusi apigwe kwenye kivuli chenye mwanga, maana jua kali huyameza macho yake. Ongeza video ya sekunde 30 hadi 60 akitembea kwa kamba na akipapaswa na mtu asiyemjua.

Kwani "ana mapenzi" si sifa inayotosha?

Ni sifa, lakini ndani yake kuna mbwa wa aina tatu, na kila mmoja anataka nyumba tofauti. Swali hili ndilo linaloamua kama atadumu huko aendako.

Wa kwanza hukupokea mlangoni, hupapaswa, kisha huenda kulala kwenye kona yake. Huyo ni rahisi, karibu kila nyumba inamfaa. Wa pili hukufuata mpaka mlango wa choo, na ukiufunga huanza kulia. Wa tatu hujinyenyekeza: hushusha mwili, hulamba mikono, hugeuza tumbo juu huku mkia umebana na masikio yamelala nyuma. Wengi humwona huyu wa tatu kuwa ndiye mwenye mapenzi kuliko wote, kumbe anaogopa na anaomba asidhurike. Ukimpapasa tumbo anazidi kukaza mwili. Acha kumpapasa baada ya sekunde tatu, uone: anayependa hurudi mwenyewe, anayeogopa huondoka au hubaki ameganda.

Kumtambua wa pili, mwache peke yake ukiwa umeweka simu inayorekodi, dakika 30 hadi 60. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza: anahema, mate yanamtiririka, anakwaruza mlango uleule uliotokea, analia kwa sauti ndefu, na hata chakula kitamu hakigusi. Mbwa aliyechoshwa na upweke hulala kwanza, kisha baadaye hutafuna mto. Huyu wa kutafuna dawa yake ni matembezi marefu na kitu halali cha kutafuna. Yule wa hofu anahitaji mafunzo, na adhabu humzidishia.

Mafunzo yenyewe ni ya polepole. Toka mlangoni sekunde 5, rudi kabla hajahangaika, bila maamkizi makubwa. Akizoea, sekunde 20, kisha dakika 1, kisha 3. Dakika 30 za kwanza ndizo ngumu. Akishazivuka, unaweza kuruka kwa hatua ndefu zaidi. Wanakokosea watu ni kuruka kutoka dakika 5 hadi siku nzima kwa sababu likizo imekwisha. Kama bado hajafika mbali, liseme hilo kwenye tangazo, na utafute mstaafu, mtu anayefanyia kazi nyumbani, au nyumba yenye watu wanaopishana.

Nitoze pesa au nimtoe bure?

Toza, hata kama ni sehemu tu ya gharama za chanjo na upasuaji. Tangazo la "bure" huvuta wanaochukua mbwa ili wakawauze, wakawazalishe au wakawatumie kwenye mapigano, na mbwa anayempenda kila mtu ndiye rahisi kuchukuliwa, kwani hapigi kelele wala hang'ati. Mwenye nia njema akionyeshwa risiti za daktari halalamiki.

Nawachujaje wanaopiga simu?

Uliza maswali yanayohitaji maelezo, si ndiyo au hapana. Siku ya kawaida inakwendaje kwenu, na mbwa atakuwa wapi kila saa? Mbwa mliyekuwa naye mwisho yalimpata nini? Mkisafiri, nani atamlisha? Akitafuna kochi wiki ya kwanza, mtafanyaje? Sikiliza majibu ya swali la pili kwa makini. Kufiwa na mbwa mzee ni jambo moja. Mbwa watatu kupotea mfululizo ni jambo jingine, na hilo linakueleza habari za lango lao.

Kama wamepanga nyumba, wakuonyeshe ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kila anayeishi humo amwone mbwa kabla ya uamuzi, pamoja na yule "asiyejali". Yeye ndiye atakayejali mbwa akikojoa kwenye zulia. Kisha nenda ukaone nyumba. Ukuta au uzio wa mita 1.5 hadi 1.8 humtosha mbwa wa kati asiye na tabia ya kuruka, lakini angalia zaidi chini: nafasi chini ya lango, udongo laini pembeni ya uzio, tangi au rundo la matofali linaloweza kuwa ngazi.

Anayetaka kumchukua leo hii, hataki kutembelewa na anauliza tu kama dume "hajahasiwa", mjibu kwamba umeshampa mtu mwingine nafasi. Humdai maelezo wala hakudai.

Anaweza kuishi kwenye nyumba isiyo na uwanja?

Ndiyo. Uwanja haumtembezi mbwa. Mtu ndiye anayemtembeza. Matembezi mawili au matatu kwa siku, moja liwe la dakika 30 hadi 60 na lenye muda wa kunusa, humfaa kuliko uwanja mkubwa anaoachwa peke yake.

Na nyumba yenye watoto?

Inategemea watoto kuliko mbwa. Mtoto mdogo hung'atwa usoni mara nyingi kwa sababu uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa na kwa sababu hukumbatia. Binadamu huona kumbatio ni upendo. Mbwa wengi huona wamebanwa, hata wale wanaopenda kulalia mapaja. Kanuni ni tatu: asiguswe akila, asiguswe akilala, asifuatwe akiondoka. Mtoto wa chini ya miaka 6 hazishiki kanuni hizo, kwa hiyo mtu mzima awe chumba hichohicho, macho yakiwa kwa mbwa. Mbwa akilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi, au akigeuza kichwa mpaka weupe wa jicho uonekane: muda umekwisha, mtoeni mtoto.

Wana mbwa mwingine. Wakutane vipi?

Nje, mahali ambapo si pa mmoja wao, kila mbwa na mtu wake na kamba iliyolegea. Watembee upande mmoja wakiachana mita 10 hivi, kisha mpunguze umbali kidogo kidogo. Wakianza kunusa ardhi na kupuuzana, mambo ni mazuri. Wanuse nyuma kwa sekunde 3, kisha muwaite na kuendelea kutembea. Uso kwa uso kwenye kamba zilizokazwa ndiko ugomvi unakoanzia. Nyumbani, mwondoe kwanza mwenyeji, mgeni aingie na kunusa, ndipo mwenyeji arudi. Vyombo vya chakula viwe vyumba tofauti kwa wiki za kwanza, mifupa na wanasesere wakusanywe.

Kwa paka, siku kadhaa za mlango uliofungwa wanusane kwa chini, kisha mbwa awe kwenye kamba ndani ya nyumba huku paka akiwa na mahali pa juu pa kukimbilia. Mbwa anayeganda na kukazia macho bila kupepesa si wa kuachwa na paka.

Siku ya kumkabidhi niandae nini?

Kadi ya chanjo, matokeo ya vipimo, namba ya chipu, mkataba, chakula anachokula sasa cha siku 7 hadi 10, na kitambaa alicholalia bila kukifua. Asile kwa saa 3 au 4 kabla ya safari ya gari, maana wengi hutapika.

Usalama wa siku hii huharibika mlangoni. Mbwa mwenye hofu hurudi kinyumenyume na kola humchomoka kichwani. Kaza mpaka vidole viwili tu vipite, na mvishe pia mkanda wa kifuani wenye kamba yake, ili afungwe mara mbili. Kibati chenye simu ya familia mpya kiwe kimeshafungwa kwenye kola kabla hajaingia garini. Kama ametoroka, asikimbizwe. Mtu akae chini, awe na chakula, na kitambaa chake kiwekwe pale alipoonekana mwisho.

Siku za kwanza mbwa hali, au halali. Ni ugonjwa?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbwa humchukua muda zaidi. Wanaolea mbwa wa kuokolewa huhesabu siku 3 za mshangao, wiki 3 za kushika ratiba na miezi 3 za kujiona yuko kwake. Ni kipimo cha mkono tu, lakini huwasaidia watu wasikate tamaa siku ya nne. Mbwa uliyemwona siku 3 za mwanzo siye utakayebaki naye: aliyekuwa kimya anaweza kuanza kubweka wiki ya tatu kwa kuwa sasa ana nyumba ya kulinda.

Kukosa hamu ya kula kwa siku moja ni kawaida. Akifikisha siku mbili, au asipokunywa maji, au akitapika mfululizo, aonwe na daktari. Maji kwa kawaida ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani lita moja na kitu kwa mbwa wa kilo 20. Chakula kipya kichanganywe robo kwa siku mbili au tatu, kisha nusu, kisha robo tatu. Ukibadilisha siku moja utafua zulia. Kujisaidia atolewe kila saa 2 au 3, na kila baada ya kula, kuamka na kucheza. Wageni, kuoga na safari za sokoni vingoje.

Vitu gani wasimpe kabisa?

Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, mifupa iliyopikwa, na peremende au siagi ya karanga yenye zailitoli, kitamu kinachotiwa badala ya sukari. Dawa za maumivu za binadamu pia.

Amenguruma. Arudishwe?

Hapana, asomwe. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kung'ata bila kuonya. Angalia alikuwa na nini: bakuli, mfupa, kochi, au sehemu ya mwili iliyoguswa. Kama ni kitu, mfunzeni kubadilishana: mpe kitamu zaidi, achie, kisha arudishiwe chake. Kama ni mguso, apimwe maumivu, hasa masikio, meno na nyonga. Aking'ata na ngozi ikachubuka, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyohiyo, chanjo ya mbwa iwepo isiwepo.

Mkataba useme nini?

Jina na sahihi za pande mbili, maelezo ya mbwa na namba ya chipu, hali ya afya iliyotajwa bila kuficha, wiki 2 za majaribio, na kifungu kimoja kisichokosekana: ikishindikana, hata baada ya miaka, mbwa arudi kwako, asipewe mtu mwingine wala kuachwa. Andika pia kwamba kurudisha si kosa. Familia inayoona aibu hungoja mpaka hali iharibike.

Miezi inapita na hakuna anayemtaka.

Badilisha picha ya kwanza, kisha sentensi ya kwanza ya tangazo. Mtoe matembezini akiwa na kitambaa shingoni kilichoandikwa "natafuta nyumba". Mwache kwa mtu mwingine kwa mwisho wa wiki mmoja, upate habari mpya za kuandika: anavyolala nyumba ya ugenini, anavyokaa garini. Mtazame pia mwili. Mbavu zinapaswa kupapasika bila kubonyeza na kiuno kionekane ukimtazama kwa juu. Mbwa wa muda mrefu hunenepa kwa vitafunwa vya huruma.

Nifuatilie mpaka lini?

Siku ya 2, ya 7, ya 30 na ya 90. Simu ya siku ya 7 ndiyo yenye habari nyingi, kwani hapo watu wamechoka na bado hawajazoea. Usiulize "anaendeleaje?", utajibiwa "vizuri". Uliza amelala wapi jana, amekula kiasi gani, na amekaa peke yake kwa muda gani. Siku ya 30 hakikisha usajili wa chipu umeshahamishiwa kwa jina na simu yao. Usipohamishwa, akipotea utapigiwa wewe.